Tanuru Lilikuwa Polepole

Studio ni chumba cha nyuma, Katuba.
Magodoro matatu yamesimamishwa ukutani
kama wagonjwa waliokataa kulala,
na blanketi dirishani la kumzuia jogoo wa jirani.
Jogoo kaingia hata hivyo. Yumo kwenye wimbo wa pili,
dakika ya tatu, ukitega sikio.

Mwewa alikuwa mpiga ngoma asiye na ngoma.
Aliziuza kwa karo ya mdogo wake,
akaazima sufuria ya Mama Chola,
ile ya misiba, ilishayo watu arobaini.
Kazadi alilivika gitaa nyaya za shaba,
alizookota tusiulize wapi.
Zilikatika. Akafunga tena. Zikatoa sauti
ya mtu atafunaye mchanga huku akiomba radhi.
Ngosa, wa besi, hakusema neno tangu Jumatatu.
Nami nilibonyeza vitufe nikiuvizia umeme,
maana umeme wetu huja usiku wa manane kama mume mlevi,
huwasha kila kitu, huondoka kabla ya chai.

Wimbo wa nne hauna maneno.
Kazadi aliyaandika, kurasa mbili, mapenzi na mvua.
Tukayasoma, tukacheka, naye akacheka mwisho.
Badala yake tukaweka mvumo mmoja mzito,
sufuria ikipigwa kwa ngumi iliyovishwa soksi,
waya ukisuguliwa kwa msumari,
dakika kumi na moja.

Siku ya sita Mama Chola akagonga.
"Sufuria yangu! Kuko kilio kwa ba Musonda,
batu banangoya bukari."
"Mama, dakika mbili, tuko katikati ya wimbo."
Akasikiliza mlangoni.
"Wimbo? Uko wapi?"
Swali hilo limo. Sikulifuta,
wala kandambili zake zikikata ua.

Usiku wa kumi nikamleta baba.
Miaka thelathini na mmoja mbele ya tanuru la shaba;
masikio aliyaacha huko,
na hayakutajwa kwenye hesabu ya mafao.
Akavua kofia, akaweka kiganja juu ya spika
kama anayepima homa ya mtoto.
Wimbo wa kwanza, kimya.
Wa pili, kimya.
Wa tatu, akauliza kama kuna chai.
Wa nne, vidole vikatulia.

"Hii," akasema, kwa ile sauti ya viziwi
isiyojua ukubwa wa chumba,
"hii ni namba mbili. Zamu ya usiku."

Tukatazamana. Nani kati yetu aliiona namba mbili ikiwaka?
Sisi tumekuta bomba refu lisilo na moshi,
na mlima mweusi wa mavi ya shaba
tuliopita kando yake kwenda shule, soksi zikiwa na vumbi.

"Lakini mumekosea. Tanuru lilikuwa polepole.
Halikuwa na haraka. Wenye haraka tulikuwa sisi."
Akapiga goti lake: moja.
Tukangoja.
Tukangoja mpaka Kazadi akakohoa.
Mbili.

Ngosa akafungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile:
"Tuanze upya."

Tukaenda kuiomba sufuria tena, kwa magoti na kilo tano za unga.
Wimbo sasa una dakika kumi na tisa.
Redio ikatuambia hata taarifa ya habari haifiki hapo.
Tumeuza nakala hamsini na tatu, kumi kati yake kwa mkopo,
na mwalimu mmoja wa Ruashi amerudisha yake,
akisema mashine imeharibika.

Sufuria imerudi kwa mwenyewe. Ina bonde upande mmoja,
na bukari huungulia hapo hapo, kila msiba.
Juzi nilimkuta Mama Chola uani, wageni wameshanawa,
akikwangua ukoko kwa kijiko cha chuma.
Krrr. Akapumzika, akafuta jasho, akaitazama barabara.
Nilisimama na ndoo mkononi, nikihesabu,
nikingoja ya pili.